Boti Yenye Lakiri ya Nyota

Jina la Bi Poda watu walilipokea vibaya. Wageni waliofika karakana, wakilisikia tu, walimtazama usoni kutafuta urembo, wakakuta mama mtu mzima mwenye uso mkavu uliooshwa kwa sabuni ya kufulia, kitambaa amekifunga kichwani kama mtu anayekwenda kugombana. Poda yenyewe haikuwa ya uso. Ilikuwa poda ya mpira, ile nyeupe laini inayonyunyizwa kwenye mikunjo ili mpira usigandane, na enzi za ujana wake alirudi nayo nyumbani kila jioni imemjaa mpaka kwenye nyusi. Watoto wa mtaani walimpigia kelele kwamba ameangukia pipa la unga. Jina likamganda, na yeye akaliacha ligande.

Kazi yake ilikuwa kukunja boti za kuokolea. Sasa hilo watu hawalijui, lazima waelezwe, na yeye alipenda kueleza. Manowari za zamani zilibeba boti za mpira zilizokunjwa ndani ya mfuko wa turubai, mfuko mnene kama godoro lililoviringishwa. Meli ikizama, baharia anautupa mfuko majini na kuvuta kamba. Kamba inafungua mtungi wa gesi uliolala humo ndani, boti inajijaza yenyewe, inafumuka, watu wanapanda. Lakini hayo yanatokea kama aliyekunja amekunja sawasawa. Kama kamba haikufungwa kwenye kichwa cha mtungi, baharia atavuta mpaka kamba yote imjie mkononi, na mfuko utabaki mfuko.

"Na mkunjaji hajui," Bi Poda aliwaambia wageni, kidole juu. "Mpishi anaonja. Fundi cherehani anamvalisha mteja, akiona imembana anafumua. Sisi tunakunja, tunafunga, inakwenda. Utajua siku watu wanazama." Hapo alinyamaza kidogo wapate kuogopa, halafu akamalizia pale anapomalizia siku zote: "Boti yangu hata moja haijawahi kugoma."

Nyuma yake, akifuta vumbi kwenye simu za melini, wifi yake alikohoa.

Huyo wifi alikuwa dada wa marehemu mumewe, na wote walimwita Bi Shoto kwa sababu kila kitu alikifanya kwa mkono wa kushoto, hata kusalimia ukimshtukiza. Wawili hao waliajiriwa pamoja bandari ya wanamaji, wakakunja kwenye meza moja, wakastaafu pamoja. Karakana zilipofungwa na mitambo kuanza kuuzwa chuma chakavu, walikuwamo kwenye kile kikundi cha wastaafu kilichokwenda kuomba jengo moja, hata lile bovu, ili vitu vya kazi visipotee vyote. Wakapewa lile bovu. Wakaziba paa wenyewe. Humo wakakusanya mashine za kukerezea vyuma, vali kubwa kama magurudumu ya lori, helmeti za wazamiaji, michoro ya injini, na kila mmoja akawa anakuja kujitolea kuifuta, kuipanga na kuieleza kazi yake ya zamani. Malipo ni chai.

Mkuu wao alikuwa Mzee Bomba, aliyefunga mabomba ya meli maisha yake yote. Ukutani alikuwa ameandika kwa rangi nyeusi: USISUGUE, USIPAKE, USIKATE BILA KUULIZA. Aliandika hivyo baada ya yeye mwenyewe kusugua kibao cha shaba cha injini kwa furaha siku nzima, mpaka kikang'aa kama kioo na maandishi yote yakaondoka. Kibao kilitundikwa pale chini ya amri, kitupu, kinameremeta, kumkumbusha.

Basi siku moja Mzee Bomba akatoka stoo ya nyuma anarudi kinyumenyume, anavuta kitu sakafuni.

"Njooni mwone! Ilikuwa chini ya matanga ya zamani. Haijaguswa!"

Ulikuwa mfuko wa turubai. Kamba za mdomoni zimekazwa, na kwenye fundo la mwisho ilining'inia lakiri, muhuri wa madini ya risasi unaobanwa kwenye waya ili mfuko usifunguliwe kwa siri, nzima, haijakatwa. Mzee Bomba akaifuta kwa kidole gumba. Kila mkunjaji alikuwa na koleo lake la kubania lakiri, na kila koleo lilikuwa na alama yake. Hii ilikuwa na nyota.

"Bi Poda! Si nyota yako hii?"

Watu wakapiga makofi. Bi Poda hakupiga. Alisimama na kitambaa cha kufutia mkononi, kwa sababu boti ile aliijua. Boti zake nyingine zote za namna ile zilishakatwakatwa zamani zikawa mazulia ya gari, mwenyewe akizihesabu. Iliyobaki ni moja tu, na siku ya kuikunja ile hakuimaliza yeye.

Lazima ijulikane walivyokuwa wakikunja. Meza ndefu, mmoja huku, mmoja kule. Anayekunja anataja kwa sauti kila anachofanya, na wa upande wa pili anaangalia kwa macho yake, ndipo anajibu: "Naona." "Mtungi umelala!" "Naona." "Kamba imefungwa!" "Naona." Bila "Naona" hakuna kuendelea. Karakana ilivuma hivyo kutwa, mpaka wengine walizisema ndotoni, waume zao wakaudhika. Na sheria ilikuwa kwamba ukiitwa katikati ya kazi, boti inafunguliwa yote na kuanzwa upya. Hata kama umekwenda chooni.

Siku ile Bi Poda alikuwa ameshaulaza mtungi, kamba iko mkononi, wakati mtu alipoingia akihema na kusema mumewe ameanguka kutoka kwenye jukwaa alipokuwa akipaka rangi ubavu wa manowari. Alikimbia. Viatu vyake vilibaki chini ya meza. Na tangu siku ile alijaribu kukumbuka kama alikimbia kabla ya kufunga kamba au baada ya kufunga. Aliiona kamba. Alimsikia yule mtu akihema. Ila "Naona" ya wifi yake hakuisikia kamwe, hata atafute vipi.

Manowari ilikuwa inaondoka jioni ileile. Kukunja boti upya kulikuwa kazi ya watu wawili mpaka jua lielekee kuzama, na wifi alibaki peke yake. Kwa hiyo Bi Poda alijua kilichotokea, au alidhani anajua: wifi alifunika tu. Alifunika juu ya kamba isiyofungwa, akabana lakiri, akaitoa.

Na wifi alifika hospitali giza limeingia, poda mpaka viwikoni. Kaka yake wa tumbo moja amelazwa kavunjika nyonga, yeye ndiyo kwanza anatoka kazini! Neno lake la kwanza lilikuwa, "Boti yako imekwenda." Bi Poda alimtazama mikono ile, hakumwambia karibu, hakumwonyesha hata bomba la maji. Alinuna. Naye Bi Shoto, alipoona amenuniwa, akanuna vilevile.

Mume alipona. Alitembea na mkongojo, akazaa naye watoto wengine, akazeeka, akafa kitandani kwake akilalamika kuhusu chai. Manowari nayo ilirudi salama, ingawa Bi Poda safari nzima alisikiliza redio kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Iliporudi, zililetwa boti mpya kutoka kiwandani zikiwa ndani ya makasha magumu, meza za kukunjia zikaondolewa, na zile za zamani zikatupwa stoo. Mawifi wawili walihamishiwa kushona vifuniko vya turubai. Walileana watoto, walizikiana ndugu, waligombana kuhusu sufuria na kupatana. Lakini suala la siku ile Bi Poda hakuliuliza. Kuuliza ni kusema hajui kama kazi yake ilikuwa nzima, na Bi Poda neno "sijui" lilikuwa halimtoki kinywani hata umbane na mlango.

"Tunaifungua," alisema Mzee Bomba.

"Haifunguliwi," alisema Bi Poda.

"Mpira unaoza, mama. Ukiachwa umekunjwa hivi utashikana, tutabaki na tofali."

"Na liwe tofali. Tofali lenye lakiri nzima. Wewe umewahi kuona lakiri nzima? Au unataka kuisugua?"

Watu wakageuza nyuso, wakicheka kwenye vitambaa vyao. Mzee Bomba akatazama kibao chake cha shaba.

"Nimeandika usikate bila kuuliza. Ndiyo nauliza."

"Na mimi ndiyo nakataa."

"Mwacheni wifi yangu," alisema Bi Shoto bila kuinua kichwa. "Anaogopa watatoka mende."

Mzee Bomba akasema basi, litaamuliwa na wote, ila yeye ana wazo: siku ya maonyesho, wageni wakiwa wamejaa, nahodha mmoja mstaafu ataivuta ile kamba mbele ya watu, boti ifumuke, iwe furaha. Wote wakasema wazo zuri. Bi Poda akachukua pochi yake akaenda nyumbani bila kuaga, chai yake ikapoa mezani.

Nyumbani binti yake alikuwa kwenye cherehani, anashona sare za shule. Alimwangalia mama akizunguka chumbani, anainua kitu, anakiweka.

"Mama, kaa. Unanitia kizunguzungu."

"Hebu niambie. Mtu akiwa na kitu ndani, hajui kama ni kibaya au si kibaya, na kimekaa kimya miaka yote, kuna haja gani kukichokoa?"

Cherehani ikasimama. "Mama, una uvimbe?"

"Nani kasema uvimbe?"

"Uko wapi? Njoo nione. Kifua au tumbo?" Binti alishainuka, anampapasa.

"Toa mikono yako! Ni boti!"

Ikabidi amsimulie. Binti alisikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka kwa kufarijika, akaketi.

"Nimeshtuka bure. Sasa hata ikigoma, nani atazama? Mko juu ya sakafu ya saruji."

Bi Poda hakucheka. "Wale mabaharia vijana walilala juu yake safari nzima," alisema. "Wakila, wakicheza karata, wakijua boti ipo. Wengine ndio walikuwa wanaanza kuota ndevu. Na mimi hapo karakana nasimama nasema boti yangu hata moja haijagoma. Nikijua ilikuwa gunia tu, nitasemaje tena?"

"Si umuulize shangazi? Ndiye aliyefunga."

"Nimuulize yule? Nife kwanza."

"Haya, kufa," alisema binti, akarudi kwenye cherehani. "Lakini siku ya maonyesho kamba ikija kavu mkononi mwa nahodha, mbele ya wageni, utakuwa huna pa kufia."

Neno hilo lilimwingia. Asubuhi yake Bi Poda alikuwa wa kwanza mlangoni, kitambaa amekikaza. Mzee Bomba alipofika na funguo hakupewa hata nafasi ya kusalimia.

"Haivutwi mbele ya watu. Mpira wa zamani hivyo utapasuka, mtapata aibu. Inafunguliwa mezani, mkunjo kwa mkunjo, kama ilivyokunjwa. Na anayefungua ni mimi."

"Ndicho nilichokuwa nakuomba jana."

"Jana hukuniomba vizuri. Na wa upande wa pili awe wifi."

Meza ilipangwa katikati ya karakana, ikatandikwa shuka safi. Mzee Bomba akakata waya kwa uangalifu, pembeni ya lakiri, ili nyota ibaki nzima, akaiweka kwenye kisahani. Mmoja wao alishika kamera. Bi Shoto akaja upande wake wa meza taratibu, akiburuta miguu, akasimama palepale alipokuwa akisimama zamani, kama aliyekuwa ametoka tu kunywa maji.

Bi Poda akafungua mdomo wa mfuko. Hakukusudia kuita. Sauti ilimtoka yenyewe.

"Turubai limefunguka!"

Wenzao wakatazamana. Upande wa pili wa meza ikaja sauti ya kizee, imekwaruza:

"Naona."

Wakaitoa boti, wakailaza mezani. Ilikuwa nzito, inanuka mpira na dawa na stoo. Bi Poda akashika mkunjo wa kwanza kuufungua kulia, kama alivyokunja maisha yake yote, akiwa ameanza na ubavu wa kulia kila mara. Haukufunguka. Akavuta. Haukufunguka. Akasimama, akatazama vizuri.

Mkunjo ulikuwa umeanzia kushoto.

Alinyanyua macho. Wifi yake alikuwa anatazama dirisha.

"Endelea, wifi," alisema Bi Shoto. "Watu wana kazi."

Wakaendelea. Palipogandana walinyunyiza poda, wakapitisha kijiti butu pole pole, kama mtu anayemvua mtoto aliyelala nguo. Mkunjo wa pili nao kutoka kushoto. Na poda iliyokuwa ndani ilikuwa nyingi mno, imemwagwa bila huruma. Ni Bi Shoto tu karakana nzima aliyekuwa akimwaga poda hivyo, wakubwa wakimsema kila siku. Vikatoka vikopo vya maji, filimbi, taa ndogo iliyoota kutu, na kila kimoja Bi Poda alikitaja na kila kimoja kikajibiwa. Lakini sauti yake ilikuwa inapungua. Wa upande wa pili ilikuwa inapanda.

Walipofika kwenye mtungi, mikono ya Bi Poda ilikataa. Mkunjo wa mwisho ulikuwa umelala juu ya kichwa cha mtungi kama kipande cha shuka. Alitazama, hakuufunua.

Bi Shoto akanyoosha mkono wake wa kushoto, akaufunua.

Kamba ilikuwepo. Imezungushwa kwenye kichwa cha mtungi, ikapitishwa, ikakazwa, ikarudishwa. Fundo safi kabisa, na ncha yake imetokea kushoto.

"Kamba imefungwa," aliita Bi Shoto.

Mwenye kamera akashusha kamera. Mzee Bomba alitaka kusema kitu, mwenzake akamfinya.

"Wifi, nimeita," alisema Bi Shoto. "Kamba imefungwa."

"Naona," alisema Bi Poda. Akavuta stuli, akaketi kwa kishindo, akajifuta uso kwa mikono yenye poda mpaka akawa kama mkate usiookwa. "Naona, wifi. Naona."

Alipopata pumzi akauliza kile alichokuwa hajakiuliza.

"Uliifungua yote?"

"Si ndiyo sheria? Uliitwa katikati."

"Peke yako?"

"Wenzetu wote walikimbilia gatini kumtazama kaka. Nilijiita, nikajiitikia. Wanaume wa kubeba mizigo walipita mlangoni wakadhani nimerukwa na akili."

"Na lakiri yangu?"

"Boti ilikuwa yako. Ningebana ya kwangu mkaguzi angeuliza kwa nini, wangesema umeacha kazi njiani. Na koleo lako gumu hilo, lilinitoa lengelenge."

"Kaka yako alikuwa amelazwa, wifi! Mimi nikasema huyu mtu hana hata..."

"Kaka yangu alikuwa na madaktari. Ningefika pale ningefanya nini, ningekunja shuka?" Bi Shoto akapangusa mtungi kwa upindo wa gauni, halafu akaukumbuka ukuta ulivyoandikwa, akaacha. "Wale watoto wa watu hawakuwa na mwingine. Meli inaondoka."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia. Nilikuja mbio, nikakwambia boti yako imekwenda. Wewe ukanitazama kama nimeleta kinyesi ndani. Nikasema, haya. Akitaka kujua ataniuliza."

"Miaka yote hii ulikuwa unanisubiri nikuulize?"

"Na wewe miaka yote hii ulikuwa unanuna, mimi nikadhani ni sufuria."

Hapo Mzee Bomba alishindwa, akacheka kwanza yeye, wakafuata wengine. Bi Poda naye alicheka, kicheko cha ovyo kilichokuwa kinatoka na machozi, kifua kikimpanda na kushuka kama boti inayojijaza. Alihisi mwepesi mpaka akashika ukingo wa meza. Wale vijana walikuwa na boti. Walilala, walicheza karata, na boti walikuwa nayo.

Ugomvi ukaja kwenye kibandiko. Mzee Bomba alitaka kuandika kwamba imekunjwa na Bi Poda kwa sababu ya nyota. Bi Poda akasema hapana, iandikwe wifi. Bi Shoto akasema nyota ni ya nani? Wakabishana mpaka chai ikachacha, na mwishowe wakaandikwa wote wawili, bila kusema nani alifanya nini. Siku ya maonyesho Bi Poda alisimama mbele ya wageni, kidole juu, akafika pale anapomalizia.

"Boti yangu hata moja haijawahi kugoma," alisema. "Na hii hapa alinikunjia wifi yangu."

Aliyekuwa akikohoa nyuma siku zote, siku hiyo hakukohoa.

Lakini hayo yalikuwa baadaye. Jioni ile ya kufungua walipaka mpira wote poda mpya, wakafunga karakana, wakatoka wakitembea pole pole barabarani, weupe wote wawili mpaka kwenye nyusi. Walipofika nyumbani kwa Bi Poda, Bi Shoto akataka kupitiliza kama kawaida.

"Ingia," alisema Bi Poda. "Utakwendaje kwako na mikono hiyo?"

Akachota maji kwenye jagi, akashika beseni chini, akammiminia wifi yake mikononi, mpaka viwikoni.

"Yamepoa," alilalamika Bi Shoto.

"Nawa, wifi," alisema Bi Poda. "Yamekusubiri sana."